Jina Nililomwandikia Rommel

Sehemu ya Sita

Wiki iliyopita niliwaacha mlangoni mwa ghala la viatu la klabu, ufunguo wangu ukigoma kuingia katika kufuli jipya. Kwa msomaji anayeanza leo, habari ni fupi.

Naitwa Jazmina Toapanta. Niliipokea Klabu ya Wapanda Milima ya chuo chetu, hapa Quito, ikiwa na wanachama tisa na kamba mbili zilizochakaa. Miaka miwili baadaye tulikuwa mia moja na sitini. Kila Jumatano adhuhuri nilifundisha mafundo kwenye ngazi za kitivo cha sheria, mahali ambapo hakuna mwanafunzi awezaye kupita bila kutuona. Viatu vya ghalani nilivipanga kwa saizi, kila saizi na kibandiko cha rangi yake. Kila kundi la mlimani lilikuwa na mtu wa mwisho, na huyo wa mwisho ndiye aliyeamuru mwendo. Juu ya yote niliweka kanuni moja: anayegeuka njiani hachekwi.

Rommel Endara, makamu wangu, nilimfundisha mimi fundo lake la kwanza. Kwa miezi minane alikuwa pia mpenzi wangu.

Mwezi wa Septemba baba yangu alifariki Machachi, siku mbili kabla ya mkutano mkuu. Katiba yetu inasema kuwa mwenyekiti asiyehudhuria bila barua amejiuzulu. Niliandika barua, nikamkabidhi Rommel mkononi katika kituo cha mabasi. Alinikumbatia.

"Nenda ukamzike mzee kwa amani," aliniambia. "Huku niachie mimi."

Nilimwachia. Naye akajichukulia.

Niliporudi nilimkuta amekuwa mwenyekiti wa muda. "Barua?" aliuliza mbele ya watu, mkono wake juu ya bendera ya klabu. "Barua gani, dada?"

Hayo mnayajua. Leo nitaungama jambo ambalo sijapata kumwambia mtu yeyote, hata mama yangu, ambaye husoma gazeti hili kila Jumapili. Mama, samahani.

*

Piedad Quishpe, katibu wa klabu, alinikuta katika mkahawa wa chuo nikila andazi la jibini.

"Unakula peke yako kama mwalimu wa hesabu," alisema, akavuta kiti.

"Kaa. Habari za ikulu?"

"Mfalme ameagiza majaketi. Jina la klabu kifuani, jina lake mgongoni."

"Kwenye jaketi lake tu?"

"Kwenye yote. Watu mia moja na kitu wanatembea chuoni wameandikwa Rommel kama viroba vya unga. Na Jumatano hakuna tena mafundo. Jumatano ni siku ya kupiga picha."

Niliweka andazi chini. Hamu ilikuwa imekwisha.

"Sikuja kwa hilo," Piedad aliendelea. Alishusha sauti. "Jumapili tulipanda Iliniza. Kitabu kimejaa. Nimekishusha mwenyewe."

Hapo moyo wangu uliruka, na nitaeleza kwa nini.

Kwenye kilele cha Iliniza Kaskazini, chini ya msalaba wa chuma, klabu yetu ina kopo la bati lililowekwa na waasisi miaka hamsini iliyopita. Ndani mna kitabu. Kila mwanachama huandika jina lake humo kwa mkono wake, mara moja tu, siku ya kwanza anapofika. Akirudi mara mia, haandiki tena. Asiyemo kitabuni hawezi kuwa mwenyekiti kamili.

Kitabu hakishushwi mpaka kijae. Kwa miaka yote hiyo mtu huaminiwa kwa neno lake, kwa kuwa haikupata kumpitikia mwasisi yeyote kwamba mtu angeweza kudanganya kuhusu mlima. Kikishushwa, husomwa ukumbini Siku ya Waasisi, na kila anayetajwa husimama.

"Kitasomwa Jumamosi," Piedad alisema. "Kikishasomwa, Rommel anathibitishwa. Basi, imekwisha."

Nilicheka.

"Mbona unacheka?"

"Nimefurahi."

"Ukifurahi huwa hutoi meno hivyo." Aliinamia meza. "Dada, ile siku yako ya kwanza kileleni. Mlipanda wawili, wewe na yeye?"

"Wawili."

"Mkafika wawili?"

"Kwani kitabu kinasemaje?"

Piedad aliinuka. Alichukua nusu ya andazi langu akaondoka.

Ningepaswa kujiuliza kwa nini ameuliza. Piedad alikuwa amenakili kumbukumbu zangu za mikutano kwa miaka miwili, na mwandiko wangu aliujua kuliko mama yangu. Lakini siku ile nilikuwa na haraka. Nilitaka vitu viwili, kiti changu na aibu ya Rommel, na kama ningelazimika kuchagua kimoja, ningechagua cha pili.

*

Sasa ungamo lenyewe.

Ilikuwa Februari, mwezi mmoja kabla sijaipokea klabu. Tulipanda Iliniza mimi na Rommel peke yetu, sote kwa mara ya kwanza. Ukungu ulikuwa umefunga kila upande. Tulipofika Pito la Mauti, mahali ambapo mtu hukatisha mwamba kwa ubavu huku shimo likimngoja mgongoni, Rommel aliketi.

"Siwezi," alisema. "Miguu imekataa."

"Basi tushuke. Mlima haukimbii."

"Wewe nenda. Na ukifika, niandikie."

"Rommel, hapana. Hilo haliandikiwi mtu."

"Babu yangu ni mwasisi! Baba yangu yumo kitabuni! Nikae nao vipi meza moja? Jazmina, mpenzi wangu, ni jina tu. Herufi chache."

Alikuwa akilia. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, nami nilimpenda. Nilimfunga kamba kwenye jabali ili awe salama, nikaenda peke yangu.

Kileleni nilifungua kopo. Niliandika kwa penseli: Rommel Endara. Kisha nikaandika langu. Ndivyo nilivyoamini.

Niliporudi aliniuliza swali moja tu. "Umeandika vizuri?"

Hakuuliza juu kukoje. Hakuuliza kopo lina nini.

Hilo la kopo ndilo lililonichekesha mkahawani. Pamoja na kitabu, mle koponi mna kitu kingine kilichoachwa na mmoja wa waasisi, na ni mwiko kukitaja huku chini. Aliyefika anakijua. Asiyefika hakijui, hata akiwa mjukuu wa mwasisi, kwa maana wazee wale walikuwa wagumu kuliko mwamba. Tangu siku ile, kila safari ya Iliniza ilipopangwa, goti la Rommel liliuma.

Nikapanga hivi. Suala la mwandiko nisiliguse kabisa, kwa kuwa lingenichoma na mimi. Nimuulize swali moja tu mbele ya watu. Aanguke peke yake, mimi nibaki msafi.

*

Jumamosi asubuhi ukumbi ulinukia uji wa zambarau na mikate ya umbo la mtoto, kwani ilikuwa wiki ya kuwakumbuka marehemu. Watu wote mia moja na sitini walikuwapo, wengi wao ndani ya majaketi.

Rommel alisimama mlangoni, faili la kijani kwapani. Faili lile nililijua. Rommel hajapata kutupa karatasi maishani mwake. Alikuwa bado na tiketi ya basi ya safari yetu ya kwanza.

"Karibu, dada! Umekuja kunishangilia?"

"Nimekuja kukusikia ukisomwa."

"Vizuri sana. Chukua mkate." Alininyooshea mmoja, kisha akaongeza wa pili. "Na huu mpelekee mzee kaburini. Mwambie Rommel anamsalimu."

Nilipokea yote miwili. Nilishukuru. Kama kuna msomaji aliyekuwa akianza kumhurumia Rommel, na aikumbuke mikate ile.

Kwenye meza kuu aliketi Mhandisi Proaño, mlezi wa klabu, mwalimu wa miamba ambaye barafu ilimla vidole viwili vya mguu kabla sisi hatujazaliwa. Piedad alisimama kando yake na kitabu. Rommel alikaa upande wa pili, faili mbele yake.

Usomaji ulianza. Kila jina mtu mmoja alisimama, watu wakapiga makofi. Walisimama wazee wenye bakora. Alisimama mwanamke mjamzito, naye akapigiwa makofi mara mbili.

"Februari, tarehe ishirini na moja," Piedad alisoma. "Endara, Rommel."

Rommel alisimama taratibu, kama askofu. Ukumbi ulivuma. Aliyefuata nilikuwa mimi. Niliinuka.

Piedad alifunua ukurasa. "Machi, tarehe tisa," alisema, akataja jina la mtu mwingine.

Nilibaki nusu nimesimama, nusu nimeketi.

"Keti, dada," Rommel alisema, kwa huruma iliyosikika hadi safu ya mwisho. "Hujasomwa."

"Kumbe hata yeye?" mtu alinong'ona nyuma yangu. "Na alivyokuwa akitukaripia!"

Kule juu hewa ni nyembamba, na akili hupungua pamoja nayo. Nimeona mtu akisahau glavu zake, nimeona mwingine akisahau siku aliyozaliwa. Nikajiambia: uliandika la kwake, ukasahau la kwako. Nimepita kileleni pale mara kumi na mbili baada ya hapo, na katika zote sikuandika, kwa sababu nilidhani nilikwisha kuandika. Mashahidi ninao, lakini klabu yetu haina shahidi ila kitabu.

Kiti changu kilikuwa kimekwenda. Ikabaki ile aibu yake. Nikasimama wima.

"Mhandisi, naomba kumuuliza mwenyekiti wa muda swali."

"Uliza, binti."

"Mle koponi, pamoja na kitabu, mna nini?"

Watu walianza kunong'ona. Mhandisi alikunja uso. "Hilo halitajwi huku chini. Unajua."

"Basi aandike. Wewe usome peke yako."

"Michezo ya chekechea hii," Rommel alisema, akitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

"Andika," Mhandisi alisema.

Rommel aliandika. Alichukua muda kuliko inavyostahili kwa mtu anayejua. Aliikunja karatasi mara nne. Mhandisi aliikunjua, akaisoma, akavua miwani.

"Miaka hamsini sijavunja mwiko huu," alisema. "Leo nauvunja. Kijana ameandika: picha ya Bikira Maria."

Kisha mtu mmoja miongoni mwa waliofika alicheka puani. Kisha wa pili.

"Sabuni, bwana wee!" mzee mmoja alipaza sauti kutoka nyuma. "Ni kipande cha sabuni ya kufulia!"

"Ni sabuni, kijana," Mhandisi alisema polepole. "Kuna mwasisi aliyeapa kwamba akifika juu ataoga. Aliipandisha sabuni, maji akakosa. Mwasisi huyo ni babu yako."

Ukumbi ulilipuka. Watu walipiga meza. Mjamzito yule alishika tumbo lake kwa mikono miwili. Anayegeuka njiani hachekwi: kanuni hiyo niliitunga mimi, na nilimtungia yeye, ili asije kuumizwa. Siku ile nilicheka kuliko wote.

Masikio ya Rommel yalikuwa mekundu. Ni mtu awezaye kustahimili baridi, njaa na dhamiri yake mwenyewe, lakini si kuchekwa.

"Yeye ndiye aliyeandika!" alipiga kelele, kidole kikinielekea. "Jina langu aliliandika yeye!"

Hapo ndipo ningeweza kusema kweli. Mhandisi alinitazama, mtu aliyenifunga kamba yangu ya kwanza kiunoni. Nami nikadanganya.

"Mimi?" nilisema. "Mimi nimefika lini? Si umeniambia niketi? Kitabu hakinijui."

Kicheko kikarudi.

"Mwongo we! Mwandiko ni wako!"

"Mwandiko wangu unaujua?"

"Naujua kama ninavyojua uso wako!"

"Hebu uoneshe basi." Mkono wake ulikuwa tayari juu ya faili la kijani, na nilijua kilichomo kama ninavyojua kilichomo mfukoni mwangu. Nilimsogelea hatua moja. "Huna. Huna hata karatasi yangu moja. Unabwabwaja tu, bwana sabuni."

Neno lile la mwisho ndilo lililomshinda. Alifungua faili, akapekua kwa pupa, akachomoa karatasi moja na kuibamiza mezani.

"Hii hapa! Mkono wake huu! Linganisheni wenyewe!"

Mhandisi aliiokota. Alivaa tena miwani. Alisoma kwa sauti ileile anayosomea majina ya miamba.

"'Kwa Mkutano Mkuu. Sitahudhuria, kwa kuwa siku hiyo namzika baba yangu Machachi. Barua hii nimemkabidhi makamu wangu, Rommel Endara, aisome mbele yenu.'"

Mkono wa Rommel ulikuwa bado mezani. Nilimwona akielewa. Alielewa taratibu, kama mtu anayesikia fundo likilegea juu ya kichwa chake.

"Tarehe?" sauti iliuliza.

"Kumi na mbili Septemba," Mhandisi alijibu. "Siku mbili kabla ya mkutano."

"Uliapa kwa bendera," mzee wa nyuma alisema. Hakuwa akicheka tena.

"Mimi... ilichelewa kunifikia," Rommel alisema. "Nilikuja kuiona baadaye. Jamani, nisikilizeni."

Msichana mmoja wa safu ya mbele alifungua zipu ya jaketi lake, akalivua, akaliweka sakafuni. Jirani yake akafanya hivyo hivyo. Kisha sauti za zipu zikazunguka ukumbi mzima, safu kwa safu. Nilikuwa nimengoja wiki saba kuisikia sauti kama ile, na siwezi kuwaficha: ilikuwa tamu. Nilimwendea Rommel, nikamwekea mikate yote miwili juu ya faili lake.

"Mpelekee babu," nilimwambia. "Mwambie mzee wangu anamsalimu."

Ningeondoka pale pale, leo ningekuwa mtu mwenye furaha. Lakini Mhandisi alikuwa amekivuta kitabu kutoka mikononi mwa Piedad na kukilaza kando ya barua. Jina lilelile lilikuwa katika karatasi zote mbili. Kidole chake kilitua juu ya herufi ya kwanza, R yenye mkia mrefu, kitabuni. Kikahamia kwenye barua. Kikarudi kitabuni. Halafu kikashuka mstari mmoja, kikasimama.

"Jazmina."

"Naam, Mhandisi."

"Umesema hukufika."

"Kitabu ndicho kilichosema."

"Kitabu hakikusema hivyo." Alikigeuza ili nione. "Jina lako hili hapa, chini ya lake. Mwandiko uleule, penseli ileile, tarehe ileile."

Nilitazama. Lilikuwapo. Jazmina Toapanta, kwa herufi zangu mwenyewe. Sikuwa nimesahau kitu. Kiti changu kilikuwa kimelala pale muda wote, mstari mmoja chini ya kosa langu, nami nilikuwa nimekikana kwa mdomo wangu mbele ya watu mia moja na sitini.

Na kifungu cha nne cha katiba, ambacho kila mwanachama mpya nilimkaririsha mimi, kinasema: anayemwandikia mwenzake kileleni anafutwa klabuni maisha yake yote.

Mhandisi alimgeukia katibu. "Piedad, jina hili halina doa wala mkwaruzo. Mbona hukulisoma?"

Hata Rommel aliinua kichwa.

Piedad, ambaye hakuwahi kuvaa jaketi, alisogea mbele ya meza. Hakumtazama Rommel. Hakumtazama Mhandisi. Alinitazama mimi, macho yamejaa machozi, na nikalikumbuka swali lake la mkahawani: alikuwa amekwisha kuutambua mwandiko wangu katika jina la Rommel.

"Niseme mimi, dada," aliuliza, "au utasema mwenyewe?"